Jinsi ya Kurudisha Kinamasi cha Mafunjo Kando ya Mto Mdogo

Kazi ya kwanza ya mtu anayetaka kurudisha kinamasi kilichokaushwa ni kuyarudisha maji. Kupanda mafunjo huja baadaye sana, na pengine hakutahitajika kabisa. Nasema hivyo kwa sababu kikundi chetu kilianza kinyume. Tulibeba vichwani mizigo ya mafunjo tuliyoyang'oa ng'ambo ya bonde, tukayapanda mistari mizuri katika shamba la mpunga lililoachwa, na kufikia mwezi wa pili wa kiangazi yote yalikuwa yamekauka yakiwa yamesimama. Mifereji iliyochimbwa kwa ajili ya mpunga ilikuwa bado wazi, nayo iliendelea kunyonya maji kutoka chini ya miche ile mchana na usiku.

Mwongozo huu unahusu mabonde madogo ya mashariki mwa Uganda, yale ya Tororo, Butaleja na Busia ambayo vijito vyake huteremka kuelekea mito Malaba na Mpologoma na hatimaye Ziwa Kyoga. Katika mikutano yetu Wapadhola, Wateso, Wasamia na Wagwere hukaa pamoja na kuelewana kwa Kiswahili, na ndiyo maana naandika kwa lugha hii. Hata hivyo hatua zenyewe zinafaa bonde lolote ambalo zamani lilikuwa na mafunjo. Mabonde ya namna hiyo ni mengi, kwani takwimu za serikali zinaonyesha kwamba ardhioevu za Uganda zilipungua kutoka takriban kilomita za mraba 37,575 mwaka 1994 hadi 26,308 mwaka 2008.

Kabla ya kugusa jembe

Katiba ya mwaka 1995, katika kifungu cha 237, inasema kwamba serikali kuu au serikali ya mtaa inashikilia maziwa, mito na ardhioevu kwa niaba ya wananchi wote. Kanuni za mwaka 2000 kuhusu ardhioevu, kingo za mito na fukwe za maziwa ziliongeza ukanda wa hifadhi wa mita 100 kando ya mito iliyotajwa katika jedwali lake, na mita 30 kando ya mito mingine. Kanuni hizo hizo hazikumfukuza mwananchi katika kinamasi: zilitambua kuteka maji ya nyumbani, kuvuna mafunjo, matete na dawa za mitishamba, kuvua kwa mitego na vikapu, na hata kulima, mradi eneo lililolimwa lisizidi asilimia 25 ya kinamasi chote. Asilimia hiyo ndiyo msingi wa mazungumzo yenu na wakulima. Ukienda kwa mwenye mpunga ukamwambia aondoke kabisa, atarudi usiku kufungua mfereji ulioziba mchana. Ukikaa naye mkapima pamoja robo inayoweza kubaki shamba, pembeni mbali na njia ya maji, atakuwa mlinzi wa kizibo chako cha mfereji.

Anza kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kisha nenda kwa afisa wa mazingira wa wilaya umweleze mnachokusudia na mpate kibali kwa maandishi. Kuzuia maji, hata kwa nia njema, kunaweza kufurikisha shamba au njia ya jirani, na bila karatasi mtakuwa ninyi wenye makosa.

Baada ya hapo tembea bonde zima pamoja na wazee. Sisi tulikuwa tumechora ramani yetu kwa kuangalia mifereji tu, mpaka mama mmoja mzee akasimama juu ya tuta la viazi na kusema, "Wanangu, hapa tulikuwa tukichimba kamongo wakati wa kiangazi." Kamongo ni samaki anayejizika katika tope na kungoja mvua, kwa hiyo neno la mama huyo lilituonyesha mahali ambapo udongo haukuwahi kukauka kabisa. Tulipochimba hapo, kina cha mkono mmoja, tulikuta udongo mweusi wa mboji wenye vipande vya mizizi ya mafunjo ambavyo bado vilikuwa vigumu. Andika kila mahali pa namna hiyo, pamoja na chemchemi zilizofukiwa na vivuko vya zamani.

Kuyasoma maji

Kinamasi cha mafunjo hufanya kazi yake kwa sababu maji yamo juu ya udongo au karibu sana na uso wake kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mashina ya chini, yaani rizomu, hufumana kuwa mkeka mnene ambao mara nyingine huelea. Maji yanayopita katika mkeka huo hupunguza mwendo, hutua tope lake, na huacha naitrojeni na fosforasi zinazochukuliwa na mimea na vijidudu vya mizizini. Udongo wa chini, kwa kukosa hewa, hukusanya mabaki ya mimea ambayo hayaozi yakaisha. Ukichimba mfereji, hewa inaingia, mboji inaoza na kushuka, na mahali penye madini ya salfaidi udongo hugeuka kuwa na asidi kali, jambo ambalo wakulima wa mabonde yaliyokaushwa kule Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, wanalifahamu vizuri. Kwa sababu hiyo unahitaji kujua maji yamo kina gani, na kujua kwa kipimo.

Chukua bomba la plastiki lenye urefu wa mita moja na nusu, toboa matundu madogo katika mita moja ya chini, lizungushie kitambaa ili tope lisiingie, kisha lizamishe wima ardhini likibakiza sentimita 30 juu. Mabomba matatu yanatosha kwa bonde dogo: moja karibu na mfereji, moja katikati ya shamba, moja pembeni. Kila wiki, siku ile ile, teremsha kijiti kikavu chenye alama ndani ya bomba, soma mahali palipolowa, na uandike kwenye daftari. Fanya hivyo angalau mwezi mmoja kabla ya kuziba chochote, maana bila namba za mwanzo hutaweza kumwonyesha mtu kwamba kuna kilichobadilika.

Kupima mteremko, tumia mpira mwembamba unaoonyesha ndani uliojazwa maji, kama wanavyofanya mafundi wa nyumba: maji ya ncha mbili hukaa usawa mmoja, na tofauti ya urefu kutoka ardhini kila upande ndiyo mteremko. Tembea na mfereji mkuu hivyo kwa hatua za mita kumi kumi.

Kuziba mifereji

Hapa ndipo kazi iliko, na hapa ndipo watu huharakisha. Kizibo kimoja kikubwa mwisho wa mfereji hakifai, kwa kuwa maji yote yatasukuma mahali pamoja na sehemu ya juu ya bonde itabaki kavu. Weka vizibo vingi vidogo, vikiachana kiasi kwamba tofauti ya usawa wa maji kati ya kimoja na kinachofuata haizidi sentimita 20 hadi 30. Mfereji unaoshuka mita moja katika mita 100 utahitaji vinne au vitano. Anzeni juu mkishuka, ili vizibo vya chini visipokee nguvu ya maji yote mkiwa bado mnavijenga, na mfanye kazi hii kiangazi, Januari au Februari, kabla ya mvua za Machi.

Kila kizibo kijengwe hivi. Chimba sakafu na kuta za mfereji mpaka ufikie udongo mgumu, ukiingia angalau nusu mita ndani ya kila ukingo. Pigilia safu mbili za nguzo za mianzi au miti ya hapo hapo, zikiachana hatua moja, na kila nguzo izame chini kuliko inavyotokeza juu. Katikati jaza udongo wa mfinyanzi uliolowa, tabaka baada ya tabaka, ukikanyagwa kwa miguu mpaka usibonyee. Mchanga hauzuii maji, hata ukiwa ndani ya magunia. Magunia ya plastiki yaliyojazwa mfinyanzi yanasaidia upande wa chini, lakini jua huyala, kwa hiyo yafunikwe kwa mabonge ya nyasi zenye mizizi.

Kizibo chetu cha kwanza kilibebwa na maji usiku mmoja wa mvua ya Aprili. Asubuhi tulikuta nguzo bado zimesimama, ila ukingo wa kushoto umeliwa na maji kwa upana wa mlango. Tulikuwa tumekijenga usawa mmoja na ardhi, bila kuyapa maji mahali pa kupita, yakajitafutia. Tangu hapo tunakiinua kizibo sentimita 30 juu ya ardhi ya pembeni, na upande mmoja, mbali na ukingo wa mfereji, tunatengeneza njia pana na fupi ya maji ya ziada iliyotandikwa nyasi. Maji yanapojaa hutoka mferejini, husambaa juu ya shamba la zamani, na kurudi chini polepole. Kusambaa huko ndiko tunakokutafuta.

Kagua vizibo baada ya kila mvua kubwa ya msimu wa kwanza. Tundu la kaa au panya lenye upana wa kidole huweza kuwa pengo kwa siku mbili.

Kungoja, kisha kupanda

Maji yakikaa ndani ya sentimita kumi za uso wa udongo kwa msimu mzima wa mvua, subiri. Vipande vya rizomu vilivyolala na mbegu zinazoletwa na maji na upepo vitachipua vyenyewe mahali pengi. Baada ya msimu huo, panda mahali palipobaki wazi tu. Kata kipande cha rizomu cha urefu wa mkono wa mbele, chenye angalau chipukizi moja changa, kutoka kinamasi kilicho karibu na kwa kuchukua kidogo hapa na kidogo pale. Mashina marefu yapunguzwe yabaki kama nusu mita ili upepo usiyaangushe, lakini ncha isizamishwe majini. Kipande kilazwe katika tope na kushikiliwa kwa kijiti chenye panda, mita moja kutoka kwa kingine.

Usijaze kinamasi chote mafunjo. Ukingo wenye nyasi fupi na mimea jamii ya ndago ni makao ya viumbe vingine, akiwemo korongo-taji aliye katika bendera ya taifa, ambaye hutaga chini kwenye majani ya majini na huhitaji kuona mbali. Mikaratusi iliyopandwa ndani ya ukanda wa mto ikatwe, na machipukizi yake yaondolewe kila yanapotokea, kwa maana kisiki kimoja hurudi na miti minne yenye kiu ile ile.

Kukiuliza kijito chenyewe

Namba za mabomba zinaeleza kiasi cha maji. Kwa ubora wake, chukua chujio la jikoni na beseni jeupe, vaa mabuti ya mpira (kichocho kipo, na konokono wanaokibeba hupenda maji yaliyotulia), kisha simama mahali maji yanapopita juu ya mawe. Weka chujio upande yanakoelekea maji, inua jiwe na usugue chini yake kwa mkono. Ukimwaga kilichopatikana katika beseni, tulia dakika moja mpaka tope litue. Mdudu bapa mwenye mikia mitatu myembamba, na ubavuni matamvua madogo yanayopepea bila kukoma, ni dalili ya maji yenye oksijeni ya kutosha. Ndivyo pia kijumba kidogo cha punje za mchanga kinachotembea chenyewe, kwani ndani yake mna buu. Ukipata tu vimnyoo vyekundu vinavyojikunja na kukunjuka, hao ni mabuu wa inzi wadogo wasiouma, wenye himoglobini inayowawezesha kuishi mahali oksijeni ilipopungua. Basi tafuta juu ya mto kinachochafua. Rudia mahali pale pale, juu na chini ya kinamasi, mwanzoni na mwishoni mwa kila msimu wa mvua.

Majirani watakuuliza kuhusu mbu, na swali lao linastahili jibu la kweli. Utafiti uliofanywa katika milima ya Kabale, huko huko Kigezi, na kuchapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba vijiji vilivyo kando ya vinamasi vilivyolimwa vilikuwa na joto zaidi, na hatari ya malaria ilikuwa kubwa zaidi, kuliko vilivyo kando ya vinamasi vya asili. Mbu hatari wa malaria hupenda vidimbwi vya wazi vinavyopigwa jua, kama vile nyayo za ng'ombe na mifereji iliyotuama. Kwa sababu hiyo ng'ombe wapewe mahali pamoja pa kunywa, patandikwe mawe, na pengine pote pawekewe uzio wa miiba. Moto usiingie kabisa, maana mboji iliyokauka huungua chini kwa chini siku nyingi.

Kuvuna

Mafunjo yaliyokomaa, ya urefu wa mita nne au zaidi, ni mikeka, makuti na kamba, na wanaoyavuna ndio watakaokitetea kinamasi mbele ya mkutano wa kijiji. Msivune mpaka mwaka wa pili upite. Baada ya hapo gawanyeni eneo katika vipande vinne na mvune kimoja tu kwa zamu, kila kipande kikipumzika angalau mwaka mzima. Kata kwa panga juu ya usawa wa maji, ukiacha mashina machanga ambayo mwavuli wake haujafunguka, na usikanyage rizomu pasipo na ubao wa kupitia. Ukanda wa hatua kumi kando ya kijito usikatwe kamwe, na vizibo vikaguliwe siku hiyo hiyo na wavunaji wenyewe, kabla hawajafunga mizigo yao.