Kuijua mankozebu kabla ya kuitia kwenye bomba la kunyunyizia: somo na maswali

Mankozebu ni dawa ya kukinga mazao dhidi ya magonjwa ya ukungu, iliyotengenezwa kiwandani, na imekuwa sokoni tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Somo hili linaanza na kemia yake, kwa sababu karibu kila sharti la kuitumia linatokana na umbile lake.

Hatua ya 1: Soma kiambato amilifu, yaani kemikali hasa inayofanya kazi. Majina ya biashara ni mengi na hubadilika, lakini kiambato amilifu lazima kitajwe kwenye kibandiko pamoja na kiwango chake. Unga wenye mankozebu peke yake mara nyingi huwa na asilimia 80.

Hatua ya 2: Elewa umbile lake. Mankozebu imo katika jamii ya kemikali ziitwazo dithiokabamati. Molekuli zake zenye kaboni, nitrojeni na salfa zimeshikana na manganizi, takriban asilimia 20, na zinki kidogo, takriban asilimia 2.5, zikawa mnyororo mrefu usioyeyuka majini. Ndiyo maana unga huo wa manjano huelea tu kwenye maji kisha hutuama, na mnyunyizaji asiyetikisa bomba lake hunyunyizia dawa isiyolingana: mahali pengine karibu maji matupu, pengine tope la sumu.

Hatua ya 3: Panga wakati wa kunyunyizia. Hapa ndipo wengi hupoteza fedha. Dawa hii hubaki juu ya jani na haisafiri ndani ya mmea. Ikipata unyevu huvunjika, na kemikali zinazotokana nayo huharibu vimeng'enya vingi vya kuvu kwa mara moja, kiasi kwamba vijimbegu vyake hushindwa kuota. Kwa hiyo inyunyiziwe kabla ugonjwa haujaingia, ienee pande zote mbili za jani, na irudiwe kwa vipindi vilivyoandikwa kwenye kibandiko, kwani majani yaliyochipua baadaye hayana kinga yoyote na mvua huosha ile iliyokuwapo.

Hatua ya 4: Changanya na ujikinge. Vaa glavu, barakoa na miwani hasa wakati wa kupima unga mkavu. Changanya kiasi cha siku hiyo tu, maana dawa huharibika upesi ikishatiwa majini, na mabaki yasimwagwe karibu na mto: ni sumu kali kwa viumbe wa majini.

Maswali ya wakulima

*Bakajani chelewa, ule ugonjwa wa viazi na nyanya, imeshatokea. Je, niongeze kipimo?*
Hapana, ndugu. Vimelea vilivyokwisha kuingia ndani ya jani havifikiwi na dawa inayokaa nje, hata kipimo kikiongezwa mara mbili. Unachoweza kulinda ni majani ambayo bado ni mazima.

*Kwa nini mankozebu huchanganywa na metalaksili, dawa nyingine ya ukungu?*
Metalaksili hupenya ndani ya mmea, lakini hushambulia sehemu moja tu ya kimelea, yaani utengenezaji wa RNA (molekuli ambayo seli huitumia kutengeneza protini), na kufikia mwaka 1980 vimelea sugu, visivyouawa nayo tena, vilikuwa vimeshaonekana Ulaya. Mankozebu hushambulia sehemu nyingi, hivyo huchelewesha usugu huo.

*Nikiosha na kupika mazao, je, masalia ya dawa huisha?*
Kuosha hupunguza yaliyo juu ya ganda. Kupika ni jambo jingine, kwani joto hugeuza masalia kuwa ethilenithiurea, kemikali inayovuruga tezi ya thiroidi na iliyodhuru vijusi vya panya katika majaribio. Kinga ya kweli ni kuheshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Masuala ya uzazi na homoni yalikuwa miongoni mwa sababu za Umoja wa Ulaya kukataa kuhuisha kibali cha mankozebu mwaka 2020. Kwingineko fuateni orodha ya mamlaka ya viuatilifu ya nchi husika.

*Mfuko wangu umeingia unyevu. Bado unafaa?*
Usiutumie. Unga uliolowa huoza kikemikali, hutoa gesi ya kabonidisalfaidi inayowaka kwa urahisi, na rundo lake laweza kupata joto lenyewe. Utenge mahali pakavu penye hewa, mbali na moto, kisha uulize mamlaka ya viuatilifu namna ya kuutupa kwa usalama.