Somo: Kuomba Mkopo wa Elimu ya Juu Bila Kukwamishwa na Nyaraka

Kila mwaka wapo vijana wenye uhitaji wa kweli wanaokosa mkopo kwa sababu uhitaji wao haukuonekana kwenye karatasi. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005, haiwezi kumtembelea kila mwombaji nyumbani kwao. Inachokipima ni kile alichokijaza na kukiambatisha kwenye mfumo. Ndiyo maana somo hili linakaa zaidi kwenye maandalizi kuliko kwenye kujaza fomu.

Hatua ya kwanza: hakiki vyeti mapema
Kazi hii ianze mara baada ya mtihani wa kidato cha sita, bila kungoja dirisha la maombi ya mkopo lifunguliwe, kwa kuwa dirisha likishafunguliwa maombi ya uhakiki huwa mengi na majibu huchelewa. Cheti cha kuzaliwa, pamoja na cheti cha kifo kwa aliyefiwa na mzazi, huhakikiwa na RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini) kwa Tanzania Bara, na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii kwa Zanzibar. Kabla ya kukituma cheti cha kuzaliwa, kiweke kando ya cheti cha kidato cha nne na uyasome majina herufi kwa herufi. Kimoja kikisema Rehema na kingine Rehma, lishughulikie jambo hilo kwanza.

Hatua ya pili: kusanya ushahidi wa uhitaji
Hapa ndipo wengi hupoteza haki yao kimyakimya. Aliyetoka katika kaya inayohudumiwa na TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii) aipate namba ya kaya kwa usahihi. Mwenye ulemavu, au ambaye mzazi wake ana ulemavu, apate uthibitisho wa mganga kwenye fomu inayotakiwa. Aliyesomeshwa sekondari na mfadhili aombe barua kutoka kwa mfadhili huyo, kwani bila barua, ada ya shule binafsi iliyolipwa na msamaria mwema inaweza kuhesabiwa kuwa uwezo wa familia. Kwa maoni yangu, walimu na watendaji wa vijiji wangewasaidia sana wanafunzi kama wangewaeleza haya wakiwa bado shuleni.

Hatua ya tatu: jisajili kwenye OLAMS, mfumo wa HESLB wa kuomba mkopo mtandaoni
Utaingia kwa namba ya mtihani wa kidato cha nne, kisha utapewa namba ya malipo ya kulipia ada ya maombi, ambayo kwa miaka mingi imekuwa shilingi 30,000. Namba hiyo ya mtihani ndiyo utakayoitumia pia kuomba chuo. Aliyerudia mtihani na kuwa na namba mbili asichanganye.

Hatua ya nne: saini na uwasilishe
Fomu huchapishwa, ikasainiwa na mwombaji, mdhamini, kiongozi wa serikali ya mtaa au kijiji, na kamishna wa viapo, kisha kurasa zilizosainiwa hurudishwa kwenye mfumo. Tumia skana ukiweza. Picha ya simu yenye kivuli juu ya muhuri haisomeki, na muhuri usiosomeka ni sawa na kutokuwapo.

Maswali ya wanachama

Swali: Baba alifariki nyumbani kijijini na hatukuwahi kuchukua cheti cha kifo. Nifanyeje?
Jibu: Pole sana, ndugu. Anza kwa mtendaji wa kijiji akupe barua ya uthibitisho, kisha nenda kwa msajili wa wilaya, katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya, ukasajili kifo hicho. Cheti kikitoka, ndipo ukihakiki RITA.

Swali: Mdogo wangu anaenda kusoma stashahada. Mikopo hii inamhusu?
Jibu: Ndiyo, kuanzia mwaka wa masomo 2023/2024 wanafunzi wa stashahada walianza kukopeshwa, lakini kwa fani za kipaumbele tu, zikiwamo za afya na ualimu. Asome mwongozo wa mwaka husika kabla ya kuchagua kozi.

Swali: Mama yangu anaogopa deni. Anasema makato yake hayaishi.
Jibu: Hofu yake ina msingi, kwa sababu mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Hata hivyo, tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, ambayo ndiyo iliyofanya madeni mengi yaonekane hayapungui, ilifutwa mwaka 2021. Mweleze hivyo, na akipenda umwonyeshe taarifa ya deni la mnufaika mmoja katika familia.

Swali: Awamu zote za majina ya waliopangiwa mkopo zimetoka na jina langu halimo.
Jibu: Subiri dirisha la rufaa, na usirudie maelezo yaleyale. Ambatisha waraka uliokosekana mara ya kwanza, ukiwa umehakikiwa.