Magawio ya kampuni za nje kupitia mfuko wa pamoja: somo kwa wanakikundi

Assalaam alaykum wanakikundi. Tangu mwenzetu wa Mtambwe atuletee ile picha ya simu yenye maneno "gawio asilimia 9 kwa dola" (gawio ni sehemu ya faida ambayo kampuni huwapa wenye hisa), nimeulizwa barazani kama ni kitu cha kweli, nimeulizwa sokoni, na juzi nimeulizwa nikitia udhu. Basi naandika mara moja, na mwenye swali aliweke chini.

Niseme mapema kwamba mimi si dalali wala sina leseni. Nilikuwa karani wa hesabu Muscat miaka kumi na moja, kisha nikarudi Wete kwenye mikarafuu ya marehemu baba. Ninayoyajua katika jambo hili, mengi nimeyalipia.

HATUA YA 1: Jua unachokinunua

Wengi wenu mna vipande vya UTT, ile taasisi ya mifuko ya pamoja ya hapa Tanzania, vya Umoja au vya Jikimu, kwa hiyo mlango mnaujua. Watu wanachanga, meneja anawekeza, na kila mmoja anahesabiwa vipande vyake. Tofauti ni kwamba mifuko ile fedha zake kwa sehemu kubwa hukaa hapahapa nchini. Mfuko ninaousema leo hununua hisa za kampuni mia kadhaa zilizotawanyika duniani: Nestlé ya Uswisi, Unilever ya Uingereza, Toyota ya Japani, Procter & Gamble ya Marekani ambayo imekuwa ikilipa gawio kila mwaka tangu 1890. Kampuni ikipata faida, sehemu inabaki kazini na sehemu inagawiwa wenye hisa. Mfuko unayakusanya magawio hayo kisha unafanya moja kati ya mawili: unakutumia, mara nyingi kila miezi mitatu, au unayarudisha ndani yakanunue hisa zaidi. Soma waraka wa mfuko ujue wako ni wa namna ipi. Nimeona mtu anangoja pesa mwaka mzima kumbe alinunua vipande vya kulimbikiza.

HATUA YA 2: Gawio lisikulevye

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipoangukia.

Mwaka 2014 nilikuwa na riali 1,000 za akiba. Kijana wa benki moja pale Muscat, shati jeupe, maneno asali, akaniuzia mfuko wa "magawio ya dunia". Siku ileile ikakatwa asilimia 5 ya kuingilia. Alinionesha ilipoandikwa, kwa maandishi ya kuchungulia. Zikabaki riali 950, na kipande kilikuwa riali 10, nikapata vipande 95. Baada ya siku tisa tu nikaona gawio limeingia: baisa 200, yaani riali 0.20, kwa kila kipande, jumla riali 19. Nilikuwa mkahawani Ruwi nakunywa chai ya karaki. Nikampigia mama Pemba kumwambia mwanao kapata riali 19 kwa siku tisa, tena amekaa kitako. Nikanunua halua ya kuwapelekea wenzangu chumbani.

Asubuhi yake nikafungua tena simu. Kipande kilikuwa 9.80. Piga hesabu mwenyewe: 95 mara 9.80 ni 931. Ongeza 19. Ni 950 zilezile. Hakuna aliyeniibia. Gawio linatoka ndani ya mali ya mfuko, kwa hiyo siku likitoka bei ya kipande inashuka kwa kiasi hichohicho. Hata Soko la Hisa la Dar es Salaam ni vivyo hivyo: daftari la wenye hisa likishafungwa, anayenunua hisa hapati gawio lile, basi bei yake haiwezi kubaki ya jana. Kukimbilia kununua siku chache kabla ya daftari kufungwa ni kujilipa mwenyewe kutoka mfuko wa kushoto kwenda wa kulia, na njiani kuna anayekata kodi.

Kwa hiyo ukitaka kujua mfuko umefanya nini, usiulize umelipa gawio kiasi gani. Uliza bei ya kipande ilikuwa ngapi miaka mitano iliyopita, leo ni ngapi, na katikati hapo magawio yote jumla yake ni nini. Meneja asiyekuonesha vyote vitatu kwa pamoja ana la kuficha.

HATUA YA 3: Asilimia kubwa, itilie shaka

Ile asilimia wanayoitangaza ni gawio la mwaka gawanya kwa bei ya leo. Kwa hiyo inaweza kupanda kwa njia mbili: kampuni imeongeza gawio, au bei imeporomoka. Ya pili ndiyo inayonasa watu. Vodafone watu waliishangilia kwa asilimia yake kubwa huku bei ya hisa ikiteremka, na Mei 2019 gawio likakatwa kutoka senti 15.07 za yuro hadi 9. Mwaka 2024 wakatangaza kulikata tena, nusu nzima. Shell, ambayo haikuwahi kupunguza tangu Vita Kuu ya Pili, Aprili 2020 ilishuka kutoka senti 47 za dola hadi 16 kwa robo mwaka.

Sisi wa Pemba hatuhitaji kufundishwa hili. Mkarafuu una mwaka wa neema na miaka ya kupumzika. Mchumaji mwenye haraka huvunja matawi akajaza pishi nyingi leo, na mwakani unautazama mti hauna kitu. Kampuni inayopata 100 ikagawa 95, au ikakopa ili igawe, inavunja matawi. Mfuko mzuri huangalia kampuni inagawa sehemu gani ya faida na kama faida yenyewe inakua. Asilimia 3 ya namna hiyo naipenda kuliko 9 ya ile picha ya simu.

HATUA YA 4: Hesabu mikono inayokata njiani

Wa kwanza ni kodi ya zuio ya nchi ya kampuni, ile inayokatwa kabla gawio halijakufikia. Uingereza kwa hisa za kawaida haikati kitu. Uswisi hukata asilimia 35. Marekani humkata mgeni asilimia 30, na Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani wa kuipunguza. Ndiyo maana mifuko mingi ya kimataifa imesajiliwa Ireland: kwa mkataba wao na Marekani, mfuko hukatwa 15 badala ya 30, na Ireland yenyewe haimkati mwekezaji asiye mkaazi wake. Angalia mfuko umesajiliwa wapi kabla hujaangalia jina lake.

Wa pili ni ada ya meneja. Wa tatu ni benki.

Tuseme una dola 5,000, na magawio ni asilimia 4, yaani dola 200 kwa mwaka. Kodi za zuio zikichukua 15 kwa mia, zinabaki 170. Meneja wa asilimia 1.5 hakati kwenye gawio, anakata kwenye zile 5,000 zote: dola 75. Umebaki na 95. Sasa tuseme benki inakata dola 30 kila fedha zinapovuka bahari. Ukivuta mara moja kwa mwaka, unashika 65. Ukivuta kila miezi mitatu, benki inataka 120, na wewe una 95! Umefanya kazi ya kuwalisha wao. Mfuko wa ada ya asilimia 0.3 ungekuachia 155 kabla ya benki. Kwa mwenye mtaji mdogo, ada ni kubwa kuliko hekima yote ya meneja.

Na kodi ya nyumbani ipo. Kodi ya mapato ni jambo la Muungano, kwa hiyo mwenyewe ni TRA ya Muungano, si ZRA ya Zanzibar, na mkaazi anatakiwa atangaze hata kipato cha nje. Weka karatasi za makato yote.

HATUA YA 5: Kununua

Hapa sina mengi. Dalali awe na leseni, ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana kwa wa hapa, au ya msimamizi wa nchi yake kwa wa nje, na jina ulitafute wewe kwenye orodha ya mamlaka yenyewe, usikubali picha ya cheti. Kabla hujatuma dola, nenda benki yako uulize masharti ya Benki Kuu ya kupeleka fedha nje kununua hisa. Akaunti iwe kwa jina lako, kama lilivyo kwenye pasi. Fedha ziwe zile ambazo miaka saba hutazitamani.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu wa skuli, Chake Chake: Maalim, upande wa shilingi nimekuelewa. Je, ni halali?

Swali lako ndilo lilitakiwa liwe la kwanza. Hisa yenyewe ni umiliki, si mkopo, na wanazuoni wengi wa zama hizi wanairuhusu kwa masharti. Tabu ni kilichomo ndani. Mifuko ya magawio makubwa hujaa benki, bima na tumbaku, kwa sababu hizo ndizo zinazogawa sana. Ndiyo maana kuna mifuko ya Kiislamu inayochuja. Kipimo cha AAOIFI, taasisi ya viwango vya fedha za Kiislamu iliyoko Bahrain, ni kwamba mikopo ya riba ya kampuni isizidi asilimia 30 ya thamani yake sokoni, na pato lisilo halali lisizidi asilimia 5 ya pato lote. Hilo dogo lililobaki unalitoa kwenye gawio lako ukalipa maskini, bila ya kutia nia ya sadaka. Mfuko mzuri hukwambia ni kiasi gani. Ujue tu kwamba ukishatoa benki na tumbaku, magawio yanapungua. Na zaka ina kauli zaidi ya moja, kama ni kwenye thamani ya kipande au kwenye gawio, hiyo mpelekee shekhe wako.

Muuza simu, Darajani: Ami, kuna programu wanatoa 9 kwa mwezi, tena wanalipa kweli, rafiki yangu kashapokea mara mbili.

Mwanangu, 9 kwa mwezi ukiilimbikiza inapita asilimia 180 kwa mwaka. Procter & Gamble na sabuni zao zote hawaifikii. Rafiki yako kalipwa kwa pesa za aliyeingia baada yake. Mwambie atoe mtaji leo, na kama programu inamwambia alipe kwanza "kodi ya kutolea", basi mtaji ameshauaga.

Nesi, Mkoani: Kaka, hati fungani za serikali za miaka 20 kuna wakati zililipa asilimia 15.49. Kwa nini nihangaike na 3 au 4 ya huko nje?

Kama huna tatizo na riba na matumizi yako yote ni ya shilingi, dada yangu, pengine huna haja ya kuhangaika. Sikatai. Sababu ya kwenda nje ni kutoweka mayai yote kwenye nchi moja na sarafu moja. Lakini sarafu nayo ina pande mbili: 2024 dola ilipita shilingi 2,700, na Disemba ya mwaka huohuo ikateremka mpaka karibu 2,400. Aliyebadilisha kule juu akarudisha kule chini alipoteza magawio ya miaka mitatu au minne kwa wiki chache, na kampuni zake hazikufanya kosa lolote. Mwenye mtoto anayesoma nje, au anayekusanya ya Hija, ana sababu ya kushika dola. Mwenye kujenga banda Mkoani hana.

Bi mkubwa, Wete: Mwanangu, mimi nikifa je? Mjukuu anasema tuandike jina lake, maana yupo London, ni rahisi.

Usiandike, bibi. Siku hiyo kwa sheria ya huko mali ni yake, na warithi wengine watakwenda kwa Kadhi na karatasi isiyo na jina lako. Weka kwa jina lako, kisha andika wasia unaosema akaunti iko wapi, namba yake, na kwamba igawiwe kisheria. Nakala moja mpe unayemuamini. Dalali wa nje atataka cheti cha kifo na hati ya mahakama kabla ya kuachia kitu. Na kama mali itakua: Marekani huitoza kodi ya urithi mali ya mgeni iliyo kwao ikizidi dola 60,000. Mfuko wa Ireland hauhesabiwi humo, hata kama ndani yake mna hisa za Marekani.

Mshonaji, Konde: Nimepokea upatu, laki tano. Nianze?

Bado. Laki tano ni kama dola 200, na uhamisho mmoja wa dola 30 umeshakula magawio ya miaka mitatu na zaidi. Wewe uliniambia cherehani ya pili inakupa kazi za sare za skuli kila Januari; hiyo ndiyo kampuni yako kwa sasa. Ila ukitaka kujizoesha, chagua mfuko mmoja, na kila Ijumaa andika bei ya kipande kwenye daftari, na gawio likitoka liandike pembeni, mwaka mzima, bila kutoa senti. Nikija Konde Jumapili nitakuletea daftari langu la Muscat uone nilivyopanga mistari. Lina madoa ya karaki lakini namba zinasomeka.