Pima filta ya pembeni kwa kiganja

Ukishafunga filta ya pembeni ya oili (filta ya ziada inayochuja oili kidogo kidogo na kuirudisha kwenye injini) kwenye lori, washa injini mpaka ipate moto, kisha gusa kopo la filta haraka kwa kiganja. Likiwa moto, oili inapita. Likibaki baridi, kitundu cha kupunguzia mkondo kimeziba au mpira wa kurudisha oili kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) umejikunja. Usikimbilie kufungua lakini. Kitundu ni chembamba makusudi, kopo huchelewa kupata joto. Kipimo hiki hudanganya kopo likiwa jirani na ekzosi. Wala hakikamati kitundu kilichosahaulika kuwekwa: kopo litakuwa moto vizuri tu, ila ukiachia pedeli ya mafuta geji ya presha ya oili inaporomoka. Kisha zima, pima kwa stiki, ongeza oili iliyomezwa na filta.