Ijaribu Linux kwenye flashi kwanza
Kabla hujafuta Windows, andika Linux Mint (mfumo wa kuendesha kompyuta, badala ya Windows) kwenye flashi ya GB 8, uwashe kompyuta kutoka hapo bila kusakinisha chochote. Kama RAM ni GB 4, chukua toleo jepesi la Mint liitwalo Xfce. Toleo la Cinnamon linapendeza, ila linakula RAM zaidi. Ukishaingia jaribu Wi-Fi, sauti na kamera, kisha funga kifuniko cha laptopu uone kama itaamka (hapa ndipo wengi huumbuka baadaye). Wi-Fi isipoonekana, huenda ni chipu ya Broadcom, ambayo draiva yake (programu inayoiendesha) mara nyingi haiwekwi moja kwa moja: chomeka simu kwa waya wa USB, gawa intaneti, halafu fungua Driver Manager, programu ya Mint ya kuweka draiva, uiweke. Linux ikienda polepole kwenye flashi, usitishike. Ukiisakinisha kwenye SSD (diski ya kasi ya ndani ya kompyuta) itakimbia.