Kikonyo cha boga kikipasuka, weka matope mbali

Jumapili asubuhi saa kumi na mbili mulamwa wangu, yaani shemeji, wa Lugari alinipigia simu na sauti ya matanga kabisa, nikajua mtu ametuacha. Kumbe ni boga. Kikonyo, kile kishingo kinachoshika boga kwa shina, kimepasuka na kinatoa povu. Tulishinda kwa simu karibu siku mzima, picha zikienda zikirudi, ndio nikaona niandike hii kitu mara moja, maana ni wa tatu kuniuliza msimu huu.

Kwanza tuelewane, siongelei malenge zetu za kuchemsha na chai. Hii ni Atlantic Giant, mbegu ya maboga makubwa ya mashindano aliyoizalisha Howard Dill kule Nova Scotia, Kanada, na shida yake ni kwamba tumbo linakua mbio kuliko shingo. Mapacha wa Uingereza, Ian na Stuart Paton, mwaka 2025 walipima lao likafika kilo 1,278.8, na chakula chote cha huo mzigo kilipitia kikonyo kimoja. Langu kubwa kabisa hapa Bahati lilikuwa kilo 84 na nilitembea kifua mbele mwezi mzima, kwa hivyo soma na hiyo akilini.

Hatua ya 1: Jua kimeumia wapi

Ufa mkavu juu ya kikonyo, wa rangi ya kahawia, hauna haraka. Shina kupasuka kwa urefu ni kubwa kidogo, kwa sababu lina uwazi ndani na maji ya mvua yanajaa humo kama kwa mfereji. Povu ndio mbaya. Inama unuse, ukipata harufu ya pombe ya busaa iliyolala siku tatu, hiyo ni bakteria imeshaingia na leo hulali mapema.

Hatua ya 2: Legeza shina

Boga likipanda mabega linainua shina, lakini shina limeshikwa chini na mizizi inayotoka kwa kila fundo, pale jani linapoota. Sasa kikonyo kinavutwa huku na huku mpaka kinaachilia. Chimbua mizizi ya mafundo yaliyo karibu na kikonyo, kama sentimita 60 kila upande, halafu inua shina polepole uliegemeze kwa gunia lililokunjwa. Fanya hivi saa nane mchana jua likiwa kali, wakati shina limelegea. Asubuhi limejaa maji, ukiligusa vibaya linakatika tap kama mwanzi. Mizizi ya mafundo ya mbali iache, hiyo ndio italisha boga.

Hatua ya 3: Safisha, kausha, rudia

Hapa ndio nilipoteza boga la kwanza kwa hivyo nivumilieni. Mzee mmoja jirani aliniambia nikande matope na mavi ya ng'ombe nipake kwa ufa, na mimi kwa ujuaji wangu nikaongeza karatasi ya nailoni juu, nikafunga vizuri kama zawadi ya harusi. Siku ya nne nikafungua. Kikonyo kilibaki mkononi. Ufa wenyewe hauuwi boga, ni unyevu uliokaa ndani yake, na mimi nilikuwa nimeujengea nyumba.

Sasa nafanya hivi. Chukua wembe mpya, si kisu cha jikoni tafadhali, kisu kinaponda badala ya kukata. Paka wembe spiriti. Kwangua sehemu yote laini na yenye utelezi mpaka ufikie nyama ngumu ya kijani, na kila ukikwangua mara mbili tatu pangusa wembe na spiriti tena, la sivyo unabeba ugonjwa kutoka mahali pabovu unapeleka pazuri. Usiogope kukwangua sana, uoga ndio unaacha mabaki, na mabaki yakibaki kesho unaanza upya. Kisha changanya Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo, kifuniko kimoja kwa vifuniko tisa vya maji, loweka pamba, pangusa jeraha. Usimwage wala kupuliza, na usiweke Jik tupu eti ndio ikaze zaidi, itaunguza hiyo nyama nzima uliyoitafuta.

Acha pakauke kabisa. Kama una feni hapo ndio mahali pake. Mimi nilitoa feni ya kompyuta iliyokufa, ile ya volti 12, nikaiunga kwa betri ya sola, inapulizia kikonyo usiku na mchana, na sijawahi kuona dawa ya kuishinda. Pakishakauka nyunyiza salfa ya unga, ya duka la agroveti, ile wanayouza ya ubwiri, ule ukungu mweupe wa majani. Funika pua. Usipake mahali bado pana majimaji maana inageuka uji na huko chini kunaoza kimyakimya. Wengine wanatumia jivu, sawa, lakini jivu likipata mvua linashikana gome na sipendi kitu kinachonificha jeraha.

Kama ni shina limepasuka na lina maji ndani, usilizibe. Toboa kitundu upande wa chini yatoke.

Mvua ya jioni nayo? Weka kipande cha bati juu ya vijiti vinne, kisiguse kitu, upepo upite chini. Halafu kagua asubuhi na jioni kwa siku saba. Mulamwa alitaka kukagua mara moja kwa wiki. Nikamwambia basi aanze kutafuta sufuria kubwa.

Hatua ya 4: Maji

Mara nyingi ufa unakuja baada ya kiangazi halafu maji mengi ghafla. Mwagilia kidogo kidogo kila siku, mbali na kikonyo. Mbolea ya CAN weka kando kwanza.

Hatua ya 5: Ikishindikana

Shina likikatika upande wa kule mmea ulikoota, boga linaweza kuendelea kama mafundo ya upande wa pili yalizikwa yakatoa mizizi, ndio maana mimi huzika kila fundo mapema. Kikonyo kikioza mzunguko mzima, kata upike. Na kama ni la mashindano, ufa ukifika mpaka uwazi wa ndani ya boga haliruhusiwi, hata liwe zito vipi.

Jana mulamwa amenitumia picha. Ufa umekauka, salfa imekaa vizuri, bati liko juu, na chini ya bati kuku amelala juu ya boga anajipigia kivuli. Huyo kuku nimemwambia amfukuze leo leo, zile kucha zikikwaruza ngozi tunaanza tena na wembe.