Nani Alipwe Kwanza: Namna ya Kupanga Madeni Mshahara Usipotosheleza

Dawa ya deni ni kulipa, ndivyo tulivyofundishwa, na hakuna mwenye akili timamu anayepinga. Hata hivyo, usemi huo humfaa zaidi mtu mwenye deni moja na mdai mmoja. Familia ambayo watu wazima wote wanafanya kazi, wanatoka alfajiri na kurudi jioni, na bado mshahara unakwisha kabla ya mwezi kufika katikati, kwa kawaida ina madeni matano au sita, kila moja likiwa na tarehe yake, na swali linaloinyima usingizi si kama ilipe, bali imlipe nani kwanza. Wengi hulijibu kwa kumlipa anayepiga simu mara nyingi zaidi, na huo ndio mpangilio wenye hasara kubwa kuliko yote. Anayestahili kutangulia ni yule ambaye asipolipwa nyumba itaumia zaidi, hata kama ndiye mpole kuliko wote. Mwongozo huu unaeleza namna ya kumtambua na namna ya kuzungumza na waliobaki.

Daftari na safu ya mwisho

Tafuteni jioni moja tulivu, wote mnaoleta fedha nyumbani, mkae na daftari na karatasi zote za mikopo. Kwa kila deni andikeni jina la anayedai, kiasi mlichokopa, kiasi kilichobaki, riba, rejesho la kila mwezi na tarehe yake. Kisha ongezeni safu ya mwisho, ambayo watu wengi huiacha: nini kitatokea tusipolipa mwezi huu? Jibu liwe la kweli na mahususi. "Watakasirika" si jibu. "Tutatolewa nyumbani", "umeme utakatwa", "cherehani iliyowekwa dhamana itachukuliwa", "aliyetudhamini atakatwa mshahara wake", hayo ndiyo majibu.

Jueni mapema kwamba jioni hiyo huenda likajitokeza deni ambalo mmoja wenu hakuwahi kulisema. Kalamu itasimama, kutakuwa na ukimya, halafu mtu atasema kwa sauti ya chini, "Kuna jingine sijakwambia." Msikilizeni mpaka amalize, mliandike kama mengine, na hasira ingojee siku nyingine. Ninalisisitiza hili kwa sababu mpango wote unaofuata huvunjika mwezi wa pili endapo deni moja litabaki gizani, likilipwa kwa siri kutoka kwenye fedha ambazo mwenzake anadhani ni za kodi ya nyumba.

Baada ya madeni, andikeni mapato na matumizi. Ikiwa kipato hubadilika kulingana na siku za kazi au wateja, usichukue wastani. Chukua mwezi mbaya kuliko yote katika miezi sita iliyopita, upange kwa huo, na kitakachozidi katika miezi mizuri kiwe nyongeza. Gharama zinazokuja mara moja au mbili kwa mwaka, kama sare na ada za shule, zigawanywe kwa 12 na kuandikwa kila mwezi, kwa maana gharama hizo ndizo huitwa "dharura" ilhali tarehe zake zinajulikana mwaka mzima.

Sasa toeni matumizi ya lazima kwenye mapato, bila kuhesabu deni lolote. Hapa ndipo ukweli mkubwa hujulikana. Ikiwa kinabaki kitu, hata kidogo, tatizo lenu ni madeni, na linaweza kupangwa. Ikiwa hakibaki kitu, au mnakwenda chini ya sifuri, basi hata madeni yote yakifutwa usiku huu mtaanza kukopa tena mwezi ujao, kwa sababu shimo liko kwenye mshahara wenyewe. Mwaka 1857 mtakwimu Mjerumani Ernst Engel alionyesha kwamba kadiri kipato cha familia kinavyokuwa kidogo, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya kipato hicho inavyokwenda kwenye chakula. Ndiyo maana ushauri wa "punguzeni anasa" huwaumiza watu wa kipato cha chini pasipo kuwasaidia: karibu fedha yote imekwisha kwenda kwenye chakula, pango na nauli, na anasa ya kupunguza haipo. Familia iliyo katika hali hiyo haikufanya kosa la tabia, na isiruhusu mtu yeyote aiambie hivyo.

Kagueni mshahara kabla ya kujibana

Kabla ya kupunguza chochote kwenye sahani ya mtoto, chukueni hati ya mshahara muisome mstari kwa mstari. Linganisheni siku na saa zilizolipwa na zile mlizofanya kazi, angalieni kama saa za ziada zimehesabiwa, na kila kato liwe na maelezo yake. Mkataba Na. 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unataka makato yafanyike kwa masharti na mipaka iliyowekwa na sheria, makubaliano ya pamoja au uamuzi wa usuluhishi, na unataka pia mshahara ulindwe usikamatwe kwa ajili ya madeni kiasi cha kumnyima mfanyakazi na familia yake riziki. Nchi zilizouridhia zinapaswa kuwa na kanuni zake za jambo hilo. Ulizeni ofisi ya kazi au chama cha wafanyakazi kiwango chenu ni kipi. Ikiwa shimo liko kwenye mshahara, madai ya pamoja kupitia chama, haki ya kima cha chini na misaada ya kijamii ambayo hamjaiomba vina uzito kuliko kujinyima kwa namna yoyote ile. Fanyeni hayo sambamba na kupanga madeni.

Bei halisi ya kila deni

Riba haisemi ukweli wote mpaka ujue inavyokokotolewa. Tuseme umekopa 1,200, katika fedha yoyote ile, kwa miezi 12, kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka inayokokotolewa juu ya mkopo wote wa mwanzo. Riba ni 120, jumla 1,320, na rejesho ni 110 kila mwezi. Inaonekana nafuu. Lakini kila mwezi unarudisha sehemu ya mkopo, na bado unatozwa riba kana kwamba fedha yote iko mikononi mwako hadi siku ya mwisho. Mkopo huohuo ukipimwa kwa riba juu ya salio linalopungua, ni sawa na takribani asilimia 18 kwa mwaka. Kwa hiyo, unapolinganisha mikopo miwili, uliza kwanza: riba hii ni juu ya mkopo wote au juu ya salio? Halafu uliza jumla ya kila kitakachotoka mfukoni, pamoja na ada, bima na gharama za fomu.

Mikopo ya muda mfupi ni mizito zaidi, na uzito wake hufichwa na udogo wa ada. Anayekopa 1,000 kwa wiki mbili kwa ada ya asilimia 15 huona 150 tu. Akishindwa kurudisha, akalipa ada peke yake ili aongezewe wiki mbili nyingine, na akaendelea hivyo mwaka mzima, atakuwa amelipa ada mara 26, yaani 3,900, na bado anadaiwa 1,000 ileile aliyoanza nayo. Deni la namna hii, likiwamo kwenye daftari lenu, liwekeeni alama. Huenda mdai wake si mkali, lakini ndilo linalokula nyumba.

Kuhusu kuunganisha madeni yote katika mkopo mmoja mpya, tahadhari ni ileile. Rejesho dogo halimaanishi deni dogo. Ule mkopo wa 1,200 kwa riba hiyohiyo ya asilimia 18 juu ya salio, ukilipwa kwa miezi 36 badala ya 12, rejesho hushuka hadi 43 na kidogo, lakini jumla hufika takribani 1,562. Riba imekuwa mara tatu. Mkopo wa kuunganisha unafaa pale tu riba yake inapokuwa ya chini kwa kweli, na pale ambapo yale madeni ya zamani yanafungwa siku hiyohiyo. Vinginevyo ni kuchimba shimo ili kufukia shimo.

Mpangilio wenyewe

Kinachotangulia madeni yote ni paa, chakula, maji, nishati, dawa, na nauli ya kwenda kazini, kwa sababu anayekosa kufika kazini hatamlipa mtu yeyote. Malimbikizo ya kodi ya nyumba na ya huduma hizo yako katika kundi hilohilo la kwanza.

Linafuata deni lenye dhamana ya kitu mnachokitegemea: nyumba, pikipiki ya kazi, mashine, vifaa vya ufundi. Pamoja nalo weka deni lenye amri ya mahakama, na deni ambalo mtu mwingine amewadhamini, maana mdhamini anaweza kudaiwa hadi senti ya mwisho kwa jambo ambalo hakufaidika nalo.

Yaliyobaki, yaani mikopo isiyo na dhamana, hugawana kilichosalia. Njia ya haki ni kugawa kwa uwiano. Ikiwa baada ya lazima zote kumebaki 60 kwa mwezi, na mna madeni matatu ya 1,000, 600 na 400, basi la kwanza lipate 30, la pili 18 na la tatu 12. Kila mdai anaona kwamba hakuna aliyependelewa, na hilo hurahisisha mazungumzo. Fedha ya ziada ikipatikana iende yote kwenye deni lenye riba kubwa zaidi. Wapo wanaoshauri kumaliza deni dogo kwanza ili kupata moyo. Kwa hesabu ni ghali kidogo, lakini ikiwa moyo ndio uliopungua, sioni ubaya.

Deni la ndugu au rafiki linahitaji neno lake. Halina riba, halina dhamana, kwa hiyo daftari hulitupa mwisho, na huko mwisho husahaulika hadi undugu uingie ufa. Nawashauri msimwache akibashiri. Mpigieni kabla hajapiga, mwambieni, "Dada, sijasahau deni lako. Kwa sasa ninaweza kukupa kidogo kila mwezi, nitaanza tarehe hii, na hali ikibadilika nitakwambia mapema." Kiasi kidogo kinachofika kila mwezi hulinda heshima ya pande zote mbili kuliko ahadi kubwa ya siku isiyojulikana.

Vilevile, hata mkiwa na madeni, wekeni akiba ndogo, kwa kikundi cha kuweka na kukopa au kwa njia nyingine mnayoiamini. Najua wapo watakaosema kila senti iende kwenye deni. Lakini nyumba isiyo na akiba kabisa, mtoto akiugua usiku, itamrudia yuleyule mkopeshaji wa asilimia 15 kwa wiki mbili, na kazi ya miezi mitatu itapotea kwa usiku mmoja.

Kuzungumza na anayedai

Mtangulieni. Anayepiga simu kabla ya tarehe ya rejesho husikilizwa tofauti na anayetafutwa baada yake. Ombeni kwanza mchanganuo wa maandishi wa deni: mkopo wenyewe, riba, faini na malipo yaliyokwisha pokelewa. Si nadra kukuta faini iliyotozwa mara mbili au rejesho ambalo halikuingizwa. Kisha semeni kwa ufupi: "Kipato chetu ni hiki, matumizi ya lazima ni haya, wadai wetu wote tunawagawia kwa uwiano, na fungu lenu ni kiasi hiki kila mwezi kuanzia tarehe hii. Tunaomba msimamishe faini wakati tunalipa, na mtuthibitishie kwa maandishi." Wakisema kiasi ni kidogo mno, msiongeze palepale kwa aibu. Ahadi kubwa iliyovunjwa huwarudisha nyuma kuliko ahadi ndogo iliyotimizwa. Andikeni tarehe, saa na jina la mliyezungumza naye, na msilipe fedha yoyote bila stakabadhi.

Mkitishwa na jela, fahamuni kwamba ibara ya 11 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, wa mwaka 1966, inakataza mtu kufungwa kwa sababu tu ameshindwa kutimiza wajibu wa kimkataba. Udanganyifu, au kukaidi amri ya mahakama, ni jambo jingine. Kwa hiyo hati ya mahakama ikija, msiifiche kwenye droo. Fikeni siku iliyotajwa mkiwa na daftari lenu, kwa sababu asiyefika huamuliwa bila kusikilizwa, na aliyefika na hesabu zake ana nafasi ya kuomba kulipa kwa mafungu.

Kila siku ya mshahara rudieni safu ile ya mwisho, maana madhara hubadilika: deni lililokuwa la tatu linaweza kuwa la kwanza baada ya barua moja. Na siku deni lolote linapokwisha, msiondoke na stakabadhi ya rejesho la mwisho peke yake. Ombeni barua inayosema kwamba deni lote limelipwa na kufungwa, chukueni hati ya dhamana iliyokuwa imeshikiliwa, mpelekeeni mdhamini nakala yake, na rejesho lililokuwa likienda huko lihamishieni mwezi uleule kwenye deni linalofuata.